Kutoka Aya ya CAG Hadi Darasa Lisilo na Sakafu: Mwongozo wa Mwandishi wa Wilayani

Kila Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikishawekwa mezani bungeni Dodoma, vyombo vyetu vya habari huchemka kwa siku tatu. Kurasa za mbele zinajaa mabilioni, watangazaji wa asubuhi wanasoma tarakimu kwa sauti ya mshangao, vijiweni watu wanaguna. Siku ya nne Simba wanacheza na Yanga. Yule aliyetajwa kwenye kiambatisho cha mwisho kabisa, kwa halmashauri ambayo wahariri wa Dar es Salaam hawawezi kuionyesha kwenye ramani, anashusha pumzi na kuagiza chai.

Mwongozo huu nimeuandikia yule anayeweza kumharibia chai hiyo: mwandishi wa redio jamii, korespondenti anayelipwa kwa stori, kijana mwenye simu na daftari aliye umbali wa bodaboda moja kutoka kwenye jengo lililotajwa. Waandishi wa makao makuu wana jina la gazeti na wanasheria. Wewe una kitu wasichokuwa nacho: unaweza kwenda kupima ukuta kwa futikamba.

Ijue kalenda ya fedha kuliko kalenda ya ligi

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Halmashauri inafunga hesabu na kuzipeleka kwa mkaguzi mwishoni mwa Septemba. Mkaguzi anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, na Ibara ya 143 ya Katiba inaeleza jinsi inavyofika bungeni. Kwa hiyo saruji iliyonunuliwa Julai 2022 inasomwa Aprili 2024. Miezi 21 imepita. Mkurugenzi amehamishwa, mweka hazina yuko masomoni, mzabuni amebadilisha jina la kampuni. Mwandishi asiyelijua hili humpigia simu mkurugenzi wa sasa na kumtuhumu kwa mambo ya mwenzake. Andika cheo pamoja na kipindi, kila mara.

Tarehe ya pili ya kuweka alama ni Mei hadi Juni, halmashauri zinapoitisha baraza maalumu la madiwani kujadili hoja za CAG, yaani kasoro alizozikuta na anazotaka zijibiwe. Vikao vya baraza viko wazi kwa umma, na hapa hoja husomwa moja baada ya nyingine mbele ya mkuu wa mkoa au mwakilishi wake. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo kwa saa sita, waandishi tukiwa wanne. Baada ya picha ya ufunguzi nikabaki peke yangu. Stori ilikuja saa nane mchana, pale diwani mmoja mwenye koti kuukuu alipouliza kwa nini hoja ileile inajibiwa kwa maneno yaleyale mwaka wa tatu mfululizo. Hakujibiwa. Ukimya ule niliuandika kama ulivyokuwa, kwa dakika.

Anzia nyuma ya ripoti

Ripoti kuu ya Serikali za Mitaa inapatikana kwa Kiswahili kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Usianze na muhtasari, kwa sababu kila mtu anasoma muhtasari. Nenda kwenye viambatisho, andika jina la halmashauri yako kwenye kisanduku cha kutafuta, kisha orodhesha kila mahali linapotokea: namba ya aya, namba ya kiambatisho, ukurasa, kiasi. Jedwali hilo linakula jioni moja. Fanya hivyohivyo kwa ripoti za miaka miwili iliyotangulia, na hapo utaanza kuona kinachojirudia.

Wala hati safi isikulaghai. Mkaguzi hutoa hati ya aina nne: inayoridhisha (ndiyo hiyo hati safi), yenye shaka, isiyoridhisha, au anashindwa kabisa kutoa maoni. Inayoridhisha maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa viwango na havipotoshi kwa kiasi kikubwa. Haisemi kwamba kila shilingi ilitumika vizuri. Halmashauri inaweza kuandika kwa usahihi kabisa kwamba ilinunua mashine ya Sh40 milioni ambayo haijawahi kuwashwa. Mwenyekiti anayepeperusha hati safi kwenye mkutano wa hadhara muulize kwa upole: na hoja zilizofungwa ni ngapi?

Jifunze lugha ya mkaguzi kabla hujaifasiri

Hapa ndipo wengi tunajikwaa, na mimi nilijikwaa vibaya. Miaka yangu ya mwanzo niliandika kwamba Sh312 milioni za halmashauri fulani "zimeyeyuka". Aya ilisema malipo hayo hayakuwa na viambatisho. Wiki mbili baadaye sehemu kubwa ya hati za malipo zikapatikana kwenye boksi la karatasi za mashine ya kudurufu, chini ya meza ya mhasibu aliyekuwa likizo ya uzazi. Mkaguzi akafuta sehemu kubwa ya hoja. Sisi tukaomba radhi ukurasa wa tatu, na kwa mwaka mzima kila nilipoingia ofisi ile nilikaribishwa kwa swali, "Leo zimeyeyuka ngapi?"

Tangu hapo ninatembea na kamusi yangu ndogo.

"Malipo yenye nyaraka pungufu" au "yasiyo na viambatisho": fedha zimetoka, ushahidi wa kilichonunuliwa haupo mbele ya mkaguzi. Inaweza kuwa wizi, inaweza kuwa boksi chini ya meza. Andika hivyohivyo: mkaguzi hakuonyeshwa nyaraka.

"Mapato yaliyokusanywa bila kupelekwa benki": hii ni nzito zaidi. Mashine za kielektroniki (POS) za kukusanyia ushuru wa mazao, maegesho na minada zinaonyesha mkusanyaji alipokea kiasi gani. Akaunti ya benki inaonyesha kilichofika. Tofauti iko mfukoni mwa mtu, au kwenye kitabu cha mtu, na kila mashine imekabidhiwa kwa jina. Hoja hii imejirudia kwenye ripoti mwaka hadi mwaka.

"Vifaa vilivyolipiwa lakini havijapokelewa": nenda ukavitafute. Hii ndiyo zawadi kubwa ambayo mkaguzi anaweza kumpa mwandishi, maana inapimika kwa macho.

"Ununuzi bila ushindani" ni ukiukaji wa taratibu. Harufu ipo, ila harufu si mzoga. Tafuta kwanza bei ya soko na jina la aliyepewa kazi.

"Mikopo isiyorejeshwa kwa wakati": mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kelele za namna hii, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Kikundi kilichoshindwa kurejesha kwa sababu kuku walikufa na kikundi hewa chenye wanachama wasiojulikana mtaani kwao vinaonekana sawa kwenye jedwali. Kazi yako ni kuvitenganisha.

Na neno "ufisadi" liweke kabatini. Mkaguzi mwenyewe halitumii hovyo.

Chagua hoja moja tu

Jedwali lako litakuwa na hoja thelathini. Chagua ile yenye sifa tatu: inagusa watu unaoweza kuwafikia kwa nauli yako, inaacha alama inayoonekana (jengo, kisima, gari, dawa), na kiasi chake kinaeleweka. Sh20 milioni za darasa zinaeleweka kuliko Sh4 bilioni za "salio ishia".

Sh20 milioni hiyo sikuichagua hivihivi. Mwaka 2021, Serikali ilipopata mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa na kutangaza madarasa 15,000, kila redio ilirudia kwamba darasa moja ni Sh20 milioni. Mama muuza vitumbua alikuwa anajua bei ya darasa. Akipita karibu na jengo lililosimama kwenye lenta, aliuliza. Sikumbuki mradi mwingine wa shule ulioulizwa maswali mengi kiasi kile na watu wasio na vyeo.

Kusanya karatasi kabla ya kukusanya maneno

Mradi mwingi wa shule na zahanati hujengwa kwa fosi akaunti: shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri fundi. Maana yake karatasi muhimu haziko makao makuu ya halmashauri peke yake; ziko kwenye kabati la mwalimu mkuu, na zimesainiwa na wanakijiji walio kwenye kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi. Watafute hao. Wajumbe wa kamati ya mapokezi aghalabu ni wakulima waliowekwa ili kukamilisha idadi, na ukiwauliza vizuri watakwambia kama waliona mzigo au walisaini karatasi mezani.

Orodha fupi ya unachohitaji: hati ya malipo, hati ya kupokelea vifaa, leja ya stoo, mkataba na fundi, muhtasari wa vikao vya kamati. Kwa zabuni zinazotangazwa, mfumo wa manunuzi wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, unaonyesha kazi na waliopewa. Ukiwa na jina la kampuni, BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, watakupa wakurugenzi na wanahisa kwa ada. Usishangae ukikuta kampuni ya kusambaza nondo ilisajiliwa miezi miwili kabla ya zabuni. Kosa halijathibitika hapo, ila umepata swali lako la kwanza.

Ukinyimwa, andika barua kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba na kumpa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kujibu. Barua iwe nusu ukurasa, iombe waraka mahususi, na nakala yako igongwe muhuri wa "imepokelewa". Muhuri huo una thamani hata usipojibiwa: unaandika tarehe uliyoomba na kwamba hadi unachapisha hukupewa. Kenya wenzetu wana Ibara ya 35 ya Katiba na sheria yao ya mwaka huohuo, siku 21.

Hudhuria pia mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika kila miezi mitatu na kusoma mapato na matumizi. Kama haujaitishwa mwaka mzima, hiyo nayo ni habari.

Nenda ukaone

Nitatoa mfano mmoja, halmashauri nisiitaje. Ripoti ilisema vifaa vya ujenzi wa darasa kwenye shule moja ya msingi havikuthibitika kupokelewa. Halmashauri ikajibu kwamba nyaraka zimepatikana, na kweli zikapatikana: hati safi ya kupokelea, mifuko 120 ya saruji, tarehe 14 Aprili, saini tatu. Kwenye makaratasi hoja ilikuwa inaelekea kufungwa.

Nilifika shuleni saa nne asubuhi. Darasa lilikuwa na ukuta na bati, sakafu ikiwa ya vumbi. Watoto walikuwa wamepanga matofali chini ya miguu ya madawati yasizame. Nikapiga picha, nikapima, nikahesabu. Halafu nikakaa chini ya mwembe na wazee wawili na kuuliza jambo la kipuuzi kabisa: mvua za mwaka ule zilikuwaje? Wakacheka. Daraja la kuingia kijijini lilisombwa mwanzoni mwa Aprili na likakaa hivyo mpaka Mei. Mmoja alikumbuka vizuri kwa sababu mwanawe alioa katikati ya mwezi ule na bibi harusi alivushwa mtoni mgongoni, gauni likiwa kwenye mfuko wa rambo. Lori lenye tani sita za saruji lilipita wapi?

Nilithibitisha tarehe ya harusi kwa cheti, tarehe ya daraja kwa barua ya mtendaji wa kata kuomba msaada, na tarehe ya saruji kwa nakala ya hati. Karatasi tatu, kila moja na muhuri wake. Sikuhitaji kivumishi hata kimoja.

Ukiwa eneo la tukio, weka futikamba, daftari na kalamu mbili kwenye begi, na picha zako ziwe na kitu kinachotambulisha mahali: ubao wa jina la shule, namba ya jengo. Piga kona ileile kila unaporudi.

Mlinde aliyekupa

Karatasi nyingi zitakuja kwa mtu. Mara nyingi ni mhasibu wa daraja la chini aliyelazimishwa kusaini. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini imetungwa kwa ajili ya anayepeleka taarifa kwa mamlaka. Usimdanganye mtu kwamba inamkinga akija kwako. Kinga yake ni uangalifu wako. Usimpigie simu saa za kazi. Usimwandike kwenye simu kwa jina lake. Usichapishe picha ya waraka wenye mkunjo, doa la chai au maandishi ya kalamu pembeni, kwa sababu bosi wake atalitambua doa lile kabla hajasoma aya ya kwanza. Kama waraka wameuona watu watatu tu, tafuta njia ya pili ya kupata taarifa hiyo kabla hujaitumia.

Mpe nafasi ya kujibu, kwa maandishi

Mkurugenzi mtendaji ndiye ofisa masuuli, anayewajibika kwa fedha za halmashauri; maswali yaende kwake, na kwa kila mtu utakayemtaja. Yawe machache na yenye namba: "Hati ya kupokelea vifaa inaonyesha mifuko 120 iliingia shuleni Aprili 14. Ililetwa na gari lipi?" Swali la namna hiyo linajibika. "Unasemaje kuhusu tuhuma za ufisadi?" linakupa hotuba.

Mpe siku tano. Akijibu, jibu lake liingie kwenye stori, juu, na lisifichwe aya ya mwisho. Wakati mwingine jibu litaua stori yako, na hiyo ni bahati: afadhali ife mezani kwako kuliko mahakamani.

Katika hatua hii bahasha nayo hubisha hodi. Itaitwa nauli, maji ya kunywa, asante ya kuja. Korespondenti anayelipwa kwa stori na hajalipwa miezi miwili anajua uzito wake, na sitamhubiria. Nitasema tu kinachotokea: ukiipokea, jina lako linaingia kwenye daftari la mtu. Siku utakayoandika, daftari litafunguliwa, na neno kanjanja litatangulia kila uendako.

Andika kwa tarakimu za mlangoni

Aya ya kwanza iwe ya sakafu, ya pili iwe ya fedha. Taja namba ya aya ya ripoti ndani ya stori ili msomaji aifungue mwenyewe. Na kama una orodha, ichapishe yote: kila shule, kiasi kilichotumwa, tarehe.

Waganda wana funzo hapa. Kati ya 1991 na 1995, uchunguzi uliofuatilia ruzuku za shule za msingi ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha ndizo zilizofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 zilizofika zilikuwa zaidi ya asilimia 80. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha mafanikio kilitokana na magazeti na kiasi gani na mageuzi mengine ya wakati ule, nami sioni haja ya kuamua ugomvi wao. Kinachonivutia ni kwamba hapakuwa na kashfa wala jina la mwizi: ilikuwa orodha tu. Mwalimu mkuu akiijua stahiki yake anaacha kuwa mnyonge mbele ya ofisa wa wilaya.

Redio jamii ina nguvu zaidi ya gazeti kwa jambo hili. Soma kiasi cha kata moja kila siku, saa moja na nusu jioni, watu wakiwa nyumbani.

Kabla ya kurusha

Keti na mhariri mpitie sentensi kwa sentensi, kila moja ikiwa na karatasi yake. Historia inatufundisha kwa nini. Gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa 2012, likafungiwa tena 2017. Gazeti la Mawio lilionja hayohayo mwaka huo wa 2017. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka mkataba wa jumuiya, na Februari 2022 Serikali ikayafungulia magazeti manne. Upepo hubadilika. Faili lako likae tayari kwa upepo wowote: nakala moja ofisini, moja kwa mtu unayemwamini nje ya wilaya.

Ripoti ikishawekwa mezani bungeni ni waraka wa umma, na kuinukuu kwa usahihi ndiyo kinga yako bora. Rasimu iliyovuja Februari haina kinga hiyo. Kama unayo, itumie kujiandaa, chapisha Aprili.

Stori ya pili ndiyo inayouma

Kashfa ya Escrow haikuangusha mtu kwa stori moja. Mwaka 2014 magazeti yaliandika kwa miezi kuhusu zaidi ya Sh300 bilioni zilizotoka kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, CAG akafanya ukaguzi maalumu, na Novemba Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ikasoma taarifa yake bungeni. Desemba Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu na Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa. Januari 2015 Waziri Sospeter Muhongo naye akaachia ngazi. Gazeti, mkaguzi na Bunge walisukumana, kila mmoja akimpa mwenzake cha kushika.

Kwa halmashauri yako, kamati ya kuangalia ni ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC. Fuatilia kama halmashauri imeitwa, mbunge wako aliuliza nini, TAKUKURU (taasisi ya kuzuia rushwa) ya wilaya wamepokea faili au la. Andika hata pale ambapo hakuna kilichotokea: "Siku 100 baada ya ripoti, sakafu bado ni vumbi" ni stori halali, na inagharimu nauli tu.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu huwa naandika tarehe tatu za kurudi: baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu, miezi sita. Kwenye ile shule nilirudi mara zote tatu. Safari ya tatu nilikuta fundi anachanganya zege mlangoni, na mwalimu mkuu akaniomba nisimame nje nisikanyage.